RANGI INA MWENYEWE? Khabari ya Alama ya Biashara katika Gitaa la Umeme

Mwanachama wetu mmoja wa Pemba ana kijana apigaye gitaa la umeme. Kijana huyu alitaka kubadili kile chombo kidogo kikaacho chini ya nyuzi za gitaa, ambacho kazi yake ni kunasa mlio wa nyuzi na kuupeleka kwenye kikuza sauti. Akamwandikia fundi mmoja wa Marekani, akataka kilicho na rangi ya krimu pande zote mbili, mfano wa malai ya maziwa. Fundi akamjibu kwa adabu kwamba cheusi pande mbili anacho. Cha upande mmoja mweusi na upande mmoja krimu anacho pia. Lakini krimu pande mbili hauzi, kwa kuwa rangi hiyo ina mwenyewe.

Baba yake kijana ametuuliza: Je, yawezekana mtu kumiliki rangi? Na kama yawezekana, si itafika siku tuambiwe kwamba hata kijani cha majani kina mwenyewe?

Swali hili ni zuri, na jawabu lake lamfaa kila mtu auzaye kitu sokoni. Twajaribu kulieleza hapa hatua kwa hatua.

CHOMBO CHENYEWE

Wapigaji gitaa hukiita chombo hiki pikapu, jina lile lile la gari ndogo ya mizigo. Ili tusichanganye mambo, hapa tutakiita kinasa.

Kinasa cha kwanza kilikuwa kitu chepesi kueleza. Chukua sumaku, kisha zungusha waya wa shaba, mwembamba kama unywele, mara maelfu kwenye bobini ya plastiki iliyo pamoja na sumaku hiyo. Bobini hiyo ni jamaa ya ile ya cherehani, ila ni ndefu na bapa. Uzi wa chuma wa gitaa ukitikisika karibu na sumaku, umeme mdogo huzaliwa katika waya, na umeme huo ndio uendao kwenye kikuza sauti ukawa mlio. Ndiyo maana gitaa la nyuzi za nailoni halisikiki kwa kinasa cha namna hii: nailoni haina uhusiano na sumaku.

Chombo hiki kilikuwa na ila moja. Waya ule hunasa pia mvumo wa umeme wa nyumbani. Umeme wa kwetu hugeuka mara 50 kwa sekunde, na wa Marekani mara 60, nao hutoa mvumo kama wa nyuki ndani ya mzinga. Mpigaji akinyamaza, mvumo hubaki.

Mwaka 1955 Bwana Seth Lover, fundi wa kampuni ya Gibson katika mji wa Kalamazoo, jimbo la Michigan, aliomba haki ya ubunifu kwa dawa ya ila hii. Aliweka bobini mbili ubavu kwa ubavu. Bobini moja ilielekea nyuzi kwa ncha ya kaskazini ya sumaku, na ya pili kwa ncha ya kusini. Nazo waya zake zikaunganishwa kinyume. Mvumo wa nyumbani, ambao haujui sumaku, huingia katika bobini mbili kwa njia moja, na kwa kuwa waya ni kinyume, mmoja huua mwenziwe. Lakini mlio wa nyuzi, ambao hutokana na sumaku, hugeuzwa mara mbili, kwa hivyo miwili huungana ikawa na nguvu zaidi. Haki hiyo ya ubunifu, ambayo huitwa hataza, ilitolewa tarehe 28 Julai 1959.

Basi msomaji ashike neno hili moja: kinasa cha aina hii kina bobini mbili za plastiki, na plastiki hapana budi iwe na rangi fulani.

RANGI ILIVYOINGIA

Bobini za Gibson zilikuwa nyeusi. Lakini karibu na mwaka 1959, vinasa vingine vilitoka kiwandani na bobini moja ya krimu, na vichache na zote mbili za krimu. Hapakuwa na shabaha ya uzuri hapo; ilikuwa ni plastiki iliyopatikana tu. Wala hapana aliyejali, kwa sababu kila kinasa kilifunikwa kwa kifuniko cha chuma. Mtu alilipa fedha zake, akaenda na gitaa lake nyumbani, asijue kama ndani mna nyeusi au krimu.

Ilipofika miaka ya 1960 wapigaji walianza kuvivua vifuniko hivyo wakitumai kupata mlio mkali zaidi. Hapo ndipo krimu ilipoonekana. Magitaa ya miaka ile leo hununuliwa kwa fedha nyingi sana, na wapenzi wake huitazama rangi ya bobini kama vile mtu atazamavyo nakshi ya mlango wa kale.

Kisha, mwanzo wa miaka ya 1970, Bwana Larry DiMarzio wa New York alianza kutengeneza vinasa peke yake, bila ya gitaa, ili mtu atoe kilichomo katika gitaa lake atie kipya. Hiyo ilikuwa ni biashara mpya. Kinasa chake kilichopata sifa kubwa, kiitwacho Super Distortion, kilikuwa na nguvu kushinda vya zamani, nacho kiliuzwa wazi bila ya kifuniko, na bobini zake mbili za krimu zikionekana na kila mtu. Mpigaji akisimama jukwaani, aliyeketi mbele aliweza kutambua ni kinasa cha nani.

Kampuni ya DiMarzio ikaandikisha nchini Marekani rangi ya krimu katika bobini zote mbili kuwa ni alama yake ya biashara. Tangu hapo, mtengenezaji mwingine wa Marekani akiuza kinasa cha wazi chenye krimu mbili ajitafutia barua ya wakili. Kwa hivyo wengi huuza nyeusi mbili, au nyeupe mbili, au ile ya moja nyeusi na moja krimu, ambayo wapigaji huiita punda milia.

Hapa msomaji mwenye akili atasema: Lakini aliyetangulia kuwa na krimu mbili ni Gibson! Imekuwaje haki ikaenda kwa aliyekuja nyuma? Hilo ndilo fundo la khabari hii, na ili tulifungue yafaa tujue kwanza tofauti ya hataza na alama.

HATAZA NA ALAMA SI KITU KIMOJA

Hataza hulinda namna kitu kifanyavyo kazi, nayo ina mwisho. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule mwisho huo ulikuwa miaka 17 tangu siku ya kutolewa, kwa hivyo hataza ya Bwana Lover ilikwisha mwaka 1976. Baada ya hapo mtu yeyote duniani ana ruhusa ya kuweka bobini mbili kinyume na kuua mvumo. Huo ndio mkataba baina ya mbunifu na watu: hula peke yake kwa muda, kisha ubunifu huwa wa wote.

Alama ya biashara ni jambo jingine. Haisemi kitu hufanyaje kazi. Husema kimetoka kwa nani. Nayo haina mwisho. Maadamu mwenyewe aitumia, ailinda na kuandikisha upya kwa wakati wake, yaweza kudumu miaka mia na zaidi.

Kwa sababu alama haina mwisho, sheria huogopa hila moja: mtu asije akachukua jambo la kazi, ambalo lingekuwa la wote baada ya miaka michache, akalipitisha kwa mlango wa alama ili alishike milele. Khofu hiyo ndiyo iliyowafanya mahakimu wabishane kwa miaka mingi kuhusu rangi.

MAHAKAMA ZILIVYOAMUA

Mwaka 1985 mahakama ya rufaa ya Marekani iliikubalia kampuni ya Owens-Corning rangi ya waridi kwa sufi yake ya kioo, ile iwekwayo katika kuta na dari za nyumba kuzuia baridi na joto. Sufi hiyo haifanyi kazi vizuri zaidi kwa kuwa ya waridi, na kampuni ilikuwa imeitangaza rangi hiyo kwa bidii hata wanunuzi wakaijua.

Mwaka 1994 mahakama hiyo hiyo ilikataa. Kesi hii wanachama wetu wenye vyombo vya baharini wataielewa upesi. Kampuni ya Brunswick, yenye mashine za boti za Mercury, ilitaka rangi nyeusi ya mashine iwe alama yake. Watengenezaji wenzake, mmoja wao akiwa British Seagull, wakapinga. Mahakama ikasema: ni kweli kwamba weusi hauisukumi boti kwa kasi zaidi, lakini nyeusi yapatana na boti ya rangi yoyote, na tena huifanya mashine ionekane ndogo kuliko ilivyo. Kila muuza mashine aihitaji. Ikabaki ya wote.

Kisha mwaka 1995 jambo lilifika Mahakama Kuu ya Marekani katika kesi ya kampuni ya Qualitex ya Chicago. Kampuni hiyo ilikuwa ikiuza tangu miaka ya 1950 mito ya mashine za kupigia pasi kwa madobi, yenye rangi ya kijani kilichochanganyika na dhahabu. Mwaka 1989 kampuni ya Jacobson ilianza kuuza mito ya rangi iliyofanana nayo. Mahakama ilihukumu kwa kauli moja kwamba rangi peke yake yaweza kuwa alama ya biashara, kwa masharti mawili.

Sharti la kwanza: wanunuzi wawe wamekwisha kuizoea rangi hiyo kuwa ni dalili ya mtengenezaji mmoja. Rangi haizaliwi alama. Huwa alama kwa kutumika na kujulikana.

Sharti la pili: rangi isiwe na kazi katika kitu chenyewe, wala isiwe ni kitu ambacho wenziwe wakikikosa watashindwa kushindana naye kwa haki.

Twaweza kulipima neno hili kwa kitu tukijuacho. Karafuu iliyoanikwa vizuri ina rangi yake, na ile iliyovundika hufifia ikawa na weupe. Mnunuzi akiitazama rangi apata kujua uzuri wa karafuu, hapati kujua shamba ilikotoka. Kwa hivyo hapana mkulima awezaye kusema rangi ya karafuu nzuri ni alama yake. Hiyo ni dalili ya kazi njema, nayo ni ya kila afanyaye kazi njema. Lakini mtu akishona magunia yake kwa uzi wa rangi ya ajabu, mwaka baada ya mwaka, hata wanunuzi wakiuona uzi ule wakasema, “Hili ni gunia la fulani,” huyo ana hoja.

KRIMU IKO UPANDE GANI?

Sasa turudi katika gitaa. Upande wa kampuni una hoja za nguvu. Rangi ya plastiki haiuongezei wala kuupunguzia umeme wa waya wa shaba. Kazi ni ya sumaku na waya. Rangi nyingine ziko tele, kwa hivyo hapana fundi aliyefungiwa mlango wa kuuza vinasa vyake. Tena kampuni iliiweka rangi mbele ya macho ya watu ikaitangaza. Na kuhusu Gibson, rangi iliyofunikwa kwa chuma haimwambii mnunuzi kitu. Krimu ile haikuwa alama ya Gibson, ilikuwa ni plastiki tu. Mwisho, kwa sheria ya Marekani, alama iliyoandikishwa na kutumika miaka mitano mfululizo yaweza kupata nguvu zaidi, kiasi cha kwamba mtu hawezi tena kuja kuipinga kwa kudai kuwa wanunuzi hawaitambui.

Upande wa pili nao una la kusema. Kwa mtu atengenezaye gitaa la kale, au mfano wa gitaa la kale, krimu mbili si khabari ya nani aliyekitengeneza kinasa. Ni khabari ya mwaka 1959. Tena magitaa mengi ya aina hiyo yana vipande vingine vya plastiki ya krimu juu ya ubao wake, na kinasa cha krimu hupatana navyo. Hoja hii yafanana na ile ya mashine nyeusi ya boti. Na mlango huu haukufungwa: hata alama iliyopata nguvu kwa miaka bado yaweza kupingwa kwa hoja kwamba rangi ina kazi.

Kwa maoni yetu hoja ya kupatana kwa rangi si ya kudharauliwa, na mafundi wadogo ndio waumiao zaidi, maana fundi wa karakana ya watu watatu hana fedha za kulipa wakili ili aujue ukweli. Hata akiwa na haki, huona ni nafuu kuuza punda milia. Jambo hili yafaa lisemwe wazi: alama iliyoandikishwa haina nguvu ya sheria tu, ina na nguvu ya kuogopwa.

MIPAKA YA HAKI HII

Hata hivyo haki ya rangi ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Si haki juu ya krimu yote ya dunia. Ni ya krimu, katika bobini mbili, za kinasa cha gitaa. Fundi wa viatu, wa vikombe au wa magari haimhusu. Mahakama ya New York ilionesha jambo hilo mwaka 2012 katika kesi ya viatu vya Christian Louboutin vyenye soli nyekundu. Ilimwachia soli yake nyekundu pale tu ambapo sehemu ya juu ya kiatu ni ya rangi nyingine. Kiatu chekundu chote, juu na chini, mwenziwe Yves Saint Laurent aliruhusiwa kukiuza.

Pili, alama hufuata mipaka ya nchi. Andiko la Marekani peke yake halimfungi fundi auzaye Japani au Ujerumani. Kila nchi ina daftari lake. Sisi wenyewe twalijua jambo hili kwa karibu, kwani katika Jamhuri yetu ya Muungano alama iliyoandikishwa Bara haijaandikishwa Zanzibar, na ya Zanzibar haijaandikishwa Bara. Atakaye kulindwa pande mbili hapana budi aandikishe pande mbili.

Tatu, haki hii huwahusu wenye kufanya biashara. Kijana aliye na gitaa la krimu chumbani mwake hakumkosea mtu.

Kwa hivyo kijana wetu ana njia tatu: anunue krimu mbili kwa mwenye alama, achukue punda milia kwa fundi wake, au atafute fundi wa nchi ambayo alama hiyo haikuandikishwa humo. Mlio hautatofautiana kwa sababu ya rangi. Sumaku na waya ndivyo avitazame.

LA KUSHIKA

Sasa twaweza kulifungua lile fundo. Gibson ilitangulia kuwa na krimu mbili, lakini ilizipata kwa bahati, ikazifunika, ikaendelea na mambo mengine. DiMarzio alikuja baadaye, akaiweka rangi hadharani, akawazoesha wanunuzi, akaiandikisha, akailinda. Katika alama ya biashara, kutangulia kuwa na kitu hakutoshi. Mwenye haki ni yule ambaye mnunuzi akikiona kitu humkumbuka yeye, na jina lake limo katika daftari. Wazee walikwisha sema: mali bila ya daftari hupotea bila ya khabari.

Lakini lipo na upande wa pili, nao tusiusahau. Daftari hilo hilo halina ruhusa ya kuandika kilicho cha wote. Rangi ionyeshayo uzuri wa kitu, au inayohitajiwa na kila afanyaye kazi ile, yapaswa ibaki sokoni kwa atakayekuja kesho akiwa na fedha kidogo na mikono miwili. Mahakimu waliokataa weusi wa mashine za boti walilinda jambo hilo.

Basi baba kijana apokee jawabu lake: rangi yaweza kuwa na mwenyewe, lakini mahali padogo, kwa kazi moja, na kwa nchi iliyoandikwa. Kijani cha majani hakina mwenyewe.

Wanachama wenye maswali mengine ya namna hii waandike kwa Mhariri, nasi tutajitahidi kuyajibu katika matoleo yajayo.